Msalaba wa Mahlet

Zenebech ni mpole, na upole wake ndio unaonikera. Tunachangia kibanda pale sokoni Shiro Meda: mimi nashona magauni ya harusi, yeye anayadarizi kwa mashine. Wateja humletea picha kwenye simu wakidhani mashine inaona wanavyoona wao. Haioni kitu! Inataka faili yake maalumu, inayoiambia sindano ishuke hapa, kisha pale. Zenebech anaeleza, wanaitikia kwa kichwa, kesho wanauliza yaleyale.

Wiki ya mwisho kabla ya mfungo mkuu, ambapo hakuna harusi tena mpaka Pasaka, akaja mama mmoja aitwaye Aselefech. Binti yake mdogo, Mahlet, aliyekuja naye, alikuwa anaolewa Jumapili, na gauni lake lilitakiwa liwe na msalaba kifuani kama wa dada yake mkubwa.

"Uleule, mwanangu. Huyu tangu utotoni anasema nampenda dada yake zaidi. Ukikosea, nitasutwa mpaka kaburini."

Msalaba ule Zenebech aliuchora kwa ajili ya mashine ya zamani, ambayo imekwisha kufa. Faili ipo, ila mashine mpya haiisomi. Akaigeuza muundo, mashine ikaikataa. Akaigeuza tena kwa namna nyingine, ikapokelewa, lakini rangi zote zikapotea, akakaa kuzipanga upya moja moja. Alipomaliza, akadarizi kipande cha majaribio, mama akakiweka kifuani pa Mahlet.

"Mbona kadogo? Kakuze."

"Mama, hii si picha. Nikiikuza hivi, mishono haiongezeki, inaachana tu. Inabidi niuchore upya, na muda hatuna."

"Acha uvivu! Mimi kwenye simu nakuza kwa vidole viwili."

Nikamnong'oneza Zenebech amfukuze. Alimtazama Mahlet, aliyekuwa ameanza kulengwalengwa na machozi, akakuza.

Msalaba ukatoka na mianya kama chekeche. Kufumua hakukuwezekana, maana kitambaa kile kingebaki matundu. Nilitukana ukoo mzima wa Aselefech. Jumamosi kutwa Zenebech alikaa na sindano ya mkono akiziba mwanya mmoja baada ya mwingine, mpaka vidole vikamvimba.

Jioni wakaja. Mama akalishika gauni, akapiga vigelegele.

"Umeona sasa? Nilikwambia ni kukuza tu, ukanibishia!"

Zenebech akaficha mikono nyuma. "Ni kweli, mama."

Nilifungua mdomo nimpe vidonge vyake. Zenebech akanikanyaga mguu.

Mahlet alikwisha kulivaa, yuko mbele ya kioo, anaupapasa msalaba.

"Dada Zenebech, huu si mkubwa kuliko wa dada yangu?"

"Mkubwa, tena sana."

Akajitazama kwa muda. Kisha akageuka, akamkumbatia mama yake.

"Basi, mama. Nimekusamehe."

Aselefech aliangua kilio palepale kibandani, na Zenebech naye akalia. Mimi nilibaki na hasira zangu, sijui nimpe nani.