Ardhi ya Akiba

"Akiba ya nani?" Bibi aliniuliza kwa kunong'ona, na mimi, pamoja na digrii yangu, nikaikodolea macho ramani iliyokuwa mbele yetu.

Tulikuwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, upande wa Marambo, tumebanana darasani kwenye madawati ya watoto. Afisa mipango kutoka wilayani alikuwa amebandika ramani ubaoni: kijani msitu, njano mashamba, kijivu "ardhi ya akiba". Kijivu kilikuwa kimelala juu ya shamba la Bibi, ule upande aliokuwa ameupumzisha baada ya misimu ya ufuta. Mikorosho yake ilianzia pale pale rangi ilipoishia.

"Akiba haiozi, wazee wangu," alisema afisa.

"Ya kwangu ilibunguliwa," mzee mmoja akamjibu.

Watu wakacheka. Afisa naye akacheka, akafungua ukurasa mwingine.

Bibi aliongea Kimwera nyumbani, Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni. Kwake akiba ni mahindi ya darini, na mahindi ya darini yana mwenyewe. Mimi nilishaona kwa shangazi, kule Ruangwa, vigingi vyeupe vikitangulia na maelezo yakifuata nyuma. Nilitaka kusimama niseme. Lakini mtendaji alikuwa ameshatutangazia sisi tuliokuja likizo kwamba kazi yetu ni kusikiliza.

Nilikuwa bado naikodolea macho ramani mwenyekiti aliposema, "Haya, wanaounga mkono wanyooshe."

Nilipogeuka, mkono wa Bibi ulikuwa tayari juu, peke yake. Akina mama wa ukoo walioketi nyuma yetu wakautazama. Kisha mikono yao ikapanda, mmoja baada ya mwingine, mtendaji akiihesabu kwa ncha ya kalamu.

Njiani nilimfokea. "Bibi, umewapa shamba kwa mkono wako mwenyewe?"

Alitangulia mbele yangu hadi nyumbani, mkono ule ameuficha ndani ya kanga.

Msimu uliofuata vigingi vikaja. Kimoja kilisimama katikati ya mikorosho, hatua nyingi ndani ya njano. Bibi aliokota korosho kukizunguka, bila kukigusa, bila kukitaja.

Tulikuwa tumeshamzika siku nyingi ndipo jirani aliyeketi ubavuni mwake siku ile aliponiambia kwamba Bibi aliinua mkono kabla mwenyekiti hajafungua mdomo. Alikuwa anaomba kusema.