Kisukuku cha Shangazi Zuhura

Nasema mwenyewe kabla hamjasikia kwa majirani. Kazi yangu ni kutafuta visukuku, yaani mabaki yaliyogeuka mawe, ya vidudu wa baharini waliokufa dahari nyingi zilizopita, wadogo kama punje ya ufuta, ndani ya mawe ya chokaa ya Pongwe. Juzi, kwa pupa yangu isiyo na dawa, mawe niliyoyaponda nikayaosha kwa maji ya kisima cha Shangazi Zuhura, wala sikuyakausha kama nilivyofundishwa. Kwenye hadubini, spishi mpya! Nikaipa jina la shangazi. Akapika haluwa, akaalika mtaa mzima. Nikamwita na mwalimu wangu aje kuthibitisha.

Mwalimu akachungulia, akaguna. “Mwanangu, kisukuku chako kinaogelea.”

Shangazi akanisukuma, akachungulia. “Ala! Si huyu ninayemchuja kila siku kwenye maji ya kunywa? Ndiye umempa jina langu?”