Magobore Yaliyoungua Kitako Tu

Juzi, huku machimboni Nyarugusu, tulialikwa kushuhudia magobore yaliyosalimishwa na wananchi yakiteketezwa. Yalimwagiwa petroli, mgeni rasmi akawasha moto, tukapiga makofi. Vitako vya mbao viliungua vizuri sana. Mitutu ya chuma ilipata joto, basi.

"Silaha hizi sasa ni historia!" alitangaza mgeni rasmi, akijifuta jasho.

Mhunzi mzee anayewafulia wachimbaji moko za kuvunjia mwamba alinyoosha mkono kwa adabu. "Samahani mheshimiwa, na mitutu mtaizika wapi?"

"Haizikwi, mzee. Itauzwa kama chuma chakavu. Mali ya serikali haitupwi!" Tukapiga makofi tena.

Mhunzi alichutama, akageuza mtutu mmoja kwa kijiti, akautazama kama mwanawe aliyerudi kutoka safari ya mbali. "Huu niliufua mwenyewe," aliniambia taratibu. "Bado umenyooka. Nitaununua, niuwekee kitako kipya."

Mama mmoja aliyewahi kuvamiwa na majambazi wenye gobore kwenye karasha lake la kusagia mawe ya dhahabu alimsikia. Mikono yake ikaacha kupiga makofi.

Msiwe na wasiwasi, wasomaji wangu. Mwakani tutaalikwa tena kuchoma magobore haya haya. Kitakachokuwa kipya ni kuni tu.