Ungo Uliofunikwa Langoni

Nakumbuka siku moja ya Jumamosi, mvua za masika zikiwa zinakatika. Kabla sijakueleza lolote, mwanangu, nitawataja waliokuwapo, kwa sababu kosa lililofanywa mbele ya watu halifai kusimuliwa kama lililofanywa chumbani. Alikuwapo Mzee Kibwana, mjumbe wetu wa nyumba kumi. Alikuwapo Mama Anastazia, aliyelima mchicha bonde la Msimbazi na kuutetea kama mwanawe. Alikuwapo Rashidi, mvuta mkokoteni, ambaye mdomo wake ulitangulia magurudumu. Alikuwapo Saidi wa machungwa, mgeni, siku yake ya kwanza. Walikuwapo akina mama wengine kama ishirini hivi, kila mmoja nyuma ya mafungu yake. Nilikuwapo mimi. Na palikuwa na ungo mmoja, umefunikwa juu ya gunia, kando ya lango. Siku ile sikuuhesabu ungo ule miongoni mwa watu, na hapo ndipo nilipokosea.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Soko la zamani la Kariakoo lilikuwa limebomolewa na jipya bado linajengwa, kwa hiyo wauzaji tulitawanywa huku na huko. Sisi wakulima wadogo wa pembezoni mwa mji tulipewa kiwanja upande wa Gerezani, mgongoni kwa karakana za reli, tufanye gulio letu kila Jumatano na Jumamosi. Mama yangu alikuwa miongoni mwa wa kwanza kukaa pale. Baba alikuwa ameshatangulia. Mama naye alipomfuata, mimi nilikuwa darasa la sita, na nyuma yangu wadogo watatu. Nilifunga daftari, nikashika jembe la mama kule shambani Mbagala, nikaja kukaa mahali pake gulioni na bamia na matembele yangu. Sikulia shule. Wadogo zangu walihitaji kula, na anayehitajiwa hapati nafasi ya kulia.

Msimu wa pili Mzee Kibwana aliniita. Aliniambia kwamba katika wote pale mimi ndiye niliyeandika bila kuhema, kwa hiyo nipange msimu wa gulio. Niliifanya kazi ile kwa moyo, na sitajishusha hapo, niliifanya vizuri. Kabla yangu, siku ya mchicha wote huleta mchicha, jioni wote wanarudi na majani yaliyolegea kama masikio ya mbuzi. Mimi niliwauliza wote, shamba moja moja: umepanda nini, lini, kitaiva lini? Nikagawa siku. Mchicha wa bondeni uje Jumatano, wa Yombo uje Jumamosi. Mhogo, ambao ukiwa ardhini una subira lakini ukishang'olewa hauna, nikaupa zamu ili usikutane wote siku moja. Nikachukua ubao wa boksi, nikaandika kwa mkaa, nikautundika ukutani. Watu walikuja kuusoma hata wasiojua kusoma. Rashidi akaanza kuniita Ndugu Katibu. Alikuwa akinitania, lakini mimi niliipenda sana heshima ile.

Na chini kabisa ya ubao niliandika sheria: asiyefika magulio matatu mfululizo, nafasi yake apewe mwingine.

Usidhani ilikuwa sheria mbaya. Kiwanja kilikuwa kidogo, na wakulima waliokuwa wakingoja nje walikuwa wengi. Tuliisoma mkutanoni, mikono ikainuka. Lakini nafasi ya langoni, iliyokuwa bora kuliko zote kwa kuwa kila mnunuzi huipita akiingia na huipita akitoka, ilikaa tupu gulio la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Ilikuwa ya Bi Tausi, mama wa makamo kutoka Kisarawe. Pale pake palikuwa na gunia limetandikwa na ungo umefunikwa. Nilipouliza, wenzake waliniambia tu, "Mwenyewe yupo." Nikasema moyoni, kama yupo mbona simwoni?

Na nikiri na hili, maana nasaha isiyo na aibu ya msemaji haina chumvi. Nafasi ya langoni ilipakana na yangu. Saidi alikuwa ameleta machungwa, ya kwanza mwaka ule, na mimi nilijua kwamba atakayesimama kununua machungwa macho yake yataangukia bamia zangu. Sikumwambia mtu. Hata mwenyewe sikujiambia waziwazi. Nilijiambia, sheria ni sheria.

Basi Jumamosi ile nikamwita Saidi, nikaenda langoni nikainama. Mama Anastazia akaniwahi.

"Huo ungo, mwanangu..."

"Mama, ubao umesema."

"Nisikilize kwanza, binti."

"Mkono uliinua, Mama Anastazia. Nilikuona."

Akarudi kwenye mchicha wake. Nikauinua ungo, nikaubeba, nikaulaza nyuma kabisa, penye ukuta wa karakana, nikarudi nikipangusa mikono. Saidi akamwaga machungwa yake juu ya gunia la Bi Tausi.

Gulio lina sauti yake, mwanangu, kama mashine ya kusaga ilivyo na yake. Ukiizoea huisikii mpaka inyamaze. Ile sauti ilikatika. Mama mmoja aliyekuwa akiita wateja aliacha neno katikati. Rashidi aliweka chini mikono ya mkokoteni wake, akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakucheka.

"Ndugu Katibu," alisema, "leo umempokonya mtu msiba wake."

Kisha Mama Anastazia akaukusanya mchicha wake, akaulaza juu ya gunia, akalifunika tenga juu yake kifudifudi. Aliyekuwa karibu naye akafanya vilevile. Wa tatu akafuata. Kabla sijaelewa kinachotokea, kiwanja kizima kilikuwa kimejaa matenga na nyungo zilizopinduliwa, na akina mama wameketi nyuma yake, mikono mapajani, hawauzi. Wanunuzi waliingia, wakatazama, wakatoka. Msimu wote nilioupanga kwa mkaa ulikuwa umesimama mbele yangu kama gari lililozimika.

Mzee Kibwana alinipeleka kando, penye bomba la maji. Hakunifokea, na ingekuwa nafuu kama angenifokea.

"Unajua ungo uliofunikwa ni nini?"

"Ni wa mtu asiyekuja, mzee."

"Ni wa mtu aliyefiwa. Bi Tausi yuko eda. Mumewe alizikwa Kisarawe wiki ile uliyokuwa ukishinda ofisi ya tawi kuomba kibali cha kiwanja kiongezwe muda. Mhogo ulioko shambani kwake ni wa mwisho kupandwa na marehemu, na utakuwa tayari mwezi ule ule atakaotoka eda. Wenzake wamemhesabia. Wamemtunzia langoni ili siku atakayorudi, mjane na gunia lake, asianze kuhangaika nyuma kule ukutani ambako hakuna anayefika. Sasa atarudi akae wapi?"

Nikasema, "Sikujua, mzee. Hakuna aliyeniambia."

"Mama Anastazia alifungua mdomo, ukamfunga kwa ubao."

Nikainama. Nilidhani amemaliza. Kumbe lililobaki ndilo zito.

"Binti, mama yako alipofariki, ulikuja hapa baada ya siku ngapi?"

"Baada ya arobaini, mzee."

"Ukakuta nini?"

Nikakumbuka. Nilikuta mahali pa mama pamefagiliwa. Tenga lake lilikuwa limefunikwa kifudifudi. Mama mmoja aliyevaa kanga ya bluu alilipindua akalipangusa, akaniambia, "Kaa, mwanangu, palikuwa panakungoja." Nilidhani ni ukarimu wa asubuhi moja tu. Nilidhani nafasi hukaa yenyewe, kama jiwe linavyokaa njiani.

"Watu watatu walipataka pale," Mzee Kibwana alisema. "Mmoja alikuja na barua. Bi Tausi, na kanga yake ya bluu, siku arobaini aliketi mguu mmoja kwake na mguu mmoja kwa mama yako, akiwaambia mwenyewe yupo. Mama yako Mkristo, yeye Mwislamu, hawana udugu wowote ila huu wa mafungu. Ukiona vyaelea, binti, vimeundwa."

Mwanangu, nimepata kufiwa, nimepata kulala na njaa ili wadogo wale. Lakini sijapata kuona kiwanja kirefu kama kile nilichokivuka siku ile kutoka bombani hadi ukutani, macho yote yakinitazama, kwenda kuuchukua ungo. Nilipofika nao langoni nilimkuta Saidi ameshaanza kuokota machungwa yake. Rashidi alikuwa amemwambia.

"Dada, nipe hata juani," alisema. "Mimi siwezi kukaa juu ya eda ya mtu."

Nikampa mahali pangu, pa mama. Mimi nikahamia ukutani. Nikaufunika ungo juu ya gunia la Bi Tausi, kisha nikasimama mbele ya wale mama. Nilikuwa nimetunga maneno mengi, yote yakanitoka akilini.

"Nisameheni," nikasema. "Mwenyewe yupo."

Mama Anastazia ndiye aliyepindua tenga lake wa kwanza. "Haya, mchicha huo unakufa," alisema. "Na wewe Ndugu Katibu, njoo unyunyizie maji, maana mikono yako leo imezoea kubeba vya watu." Wakacheka kidogo, na mimi nikacheka nikilia. Jioni ile nilifuta mstari wa chini wa ubao. Badala yake niliandika: asiyefika, aulizwe nyumbani kwake.

Nilikaa ukutani msimu ule wote. Wateja walikuwa wachache, lakini sikufa. Kila gulio niliutazama ungo ule, na moyoni nilikuwa nimeshayapanga nitakayomwambia Bi Tausi siku atakayotoka eda. Nilipanga nimwinulie ungo mwenyewe, nimwambie kosa langu kabla hajalisikia kwa mwingine, kisha nimshukuru kwa zile siku arobaini. Niliyapanga maneno hayo kama nilivyopanga mchicha, siku kwa siku.

Mwezi ulifika. Hakuja yeye. Alikuja mkwe wake, na magunia mawili ya mhogo juu ya basi la Kisarawe. Akatuambia kitongoji chao kimehamia kijiji kipya cha ujamaa, mbali na barabara, na mama mkwe wake ameondoka pamoja na wanawe. Hiyo mihogo ndiyo waliyowahi kuing'oa. Tuliiuza siku ile ile pale langoni, kwa zamu, kila mmoja akiketi kidogo nyuma ya ungo wa Bi Tausi.

Alipokuwa akikunja magunia, yule mkwe alisema, "Ameniagiza jambo. Yuko hapa binti yatima wa Mbagala, wa marehemu yule rafiki yake?"

Watu wote walinitazama. Nikasema ni mimi.

"Amesema hatarudi tena, na nafasi yake asipewe mtu mwingine. Uichukue wewe, uongeze kwa yako. Amesema una wadogo."

Hakuwa amesikia lolote. Hakuna mama hata mmoja aliyempelekea habari. Walinifichia, wote ishirini, hata Rashidi aliyekuwa hawezi kuficha kikohozi.

Sikupakalia. Nisingeweza. Nilipoomba mkutano, tulikubaliana kwamba langoni pawe pa yeyote anayetoka msibani. Akae pale msimu wake wa kwanza, wateja wamwone mapema, kisha arudi kwake. Mimi nilirudi kwa bamia zangu. Kwa miaka iliyofuata, mpaka soko jipya lilipofunguliwa na gulio letu likahamishiwa kwingine, wengi walikaa langoni pale. Wadogo zangu nao walisoma, wakanipita, na ninashukuru.

Sasa nisikilize, mwanangu, wewe unayepewa leo kazi ya kupanga mambo ya watu, uwe umepewa ubao na mkaa au hizo mashine zenu. Panga. Usiogope kupanga, watu wasio na mpango huuza wote mchicha siku moja. Lakini jina lisiloitikiwa usilifute kabla hujabisha hodi kwa mwenyewe. Mahali patupu huenda pana mtu. Sheria ukiiandika, jiulize ingekuwaje ingalikuwapo siku ya msiba wako. Mzee akikuambia "nisikilize kwanza," weka chini ulichobeba, umsikilize. Kama ni upuuzi, utakuwa umepoteza dakika. Na pale unapokaa leo ukajiona umefika mwenyewe, tazama kama hapakufagiliwa. Aliyefagia mtafute angali hai.

Mungu akupe macho ya kuona asiyekuwapo. Akupe jirani wa kukufunikia ungo siku yako nzito, na akupe nguvu ya kuwafunikia wengine. Watoto wako wakute pamefagiliwa.

Mimi nilimtafuta. Mara moja nilisafiri hadi kile kijiji, nikaambiwa amemfuata binti yake, na alikokwenda hawakujua vizuri. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, lakini hawakutuambia tufanyeje tusipompata wa kumlipa. Ungo wake ninao, uko juu ya kabati langu, umefunikwa. Ukikutana na mtu ambaye bibi yake alikuwa Bi Tausi wa Kisarawe, muuza mhogo wa langoni, mwenye kanga ya bluu, mlete kwangu. Nina maneno yake niliyoyapanga tangu nikiwa msichana, na hadi leo sijayasema.