Mkeka wa Kilio

Siku ya tatu baada ya kumzika binti yetu, kaka yangu aliniambia nihamie Kismayo na mke wangu, nami nikakubali. Ningeweza kukataa. Kaka hakuwa mtu wa kulazimisha. Alikuja kutoka mjini kwa mashua ya samaki, akala wali wa matanga, akasema, "Hapa kisiwani Chovai kila kichochoro kitawakumbusha. Bandarini wanataka karani aliyesoma. Njooni, mtasahau." Nilikuwa nimemaliza sekondari, na niliamini kusahau ni dawa.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nakimbia. Binti alikuwa na miaka sita. Siku ile mama yake alikwenda kisimani akaniambia nimtazame. Mimi nikainamia redio, natafuta mpira wa Mogadishu, na bahari iliyokuwa inajaa ikamchukua ufukweni. Kisiwa kizima kilijua. Hakuna aliyenilaumu, na hilo ndilo nililoshindwa kulibeba.

Kwetu msiba haukuachiwa mtu mmoja. Wanawake walikuja kwa mfiwa na miyaa yao, majani makavu ya mkindu, kila mmoja akasuka ukili wake, utepe mrefu mwembamba, na kili zote zikashonwa mkeka mmoja. Hawakumtaja marehemu mpaka mama mwenyewe aanze. Akianza, hawakumnyamazisha. Mkeka ulipokwisha, yeye mwenyewe aliupeleka msikitini, na hapo ndipo matanga yalipohesabiwa yamekwisha. Wanaume nao walimpitia baba asubuhi wakaenda kukalafati mashua, kuziba nyufa zake. Walinipitia mimi. Waliniachia nafasi katikati yao, pamba na sifa, yale mafuta ya papa, viko tayari. Sikwenda.

Tulipokuwa tunafunga mizigo, bibi jirani alisimama mlangoni, ukili ukining'inia mkononi.

"Unampeleka wapi huyu, na kilio kingali kooni?"

"Bibi, mjini kuna daktari."

"Daktari atalia naye?"

Nikacheka kidogo, kama msomi anavyomcheka mzee. Mke wangu aliuviringisha ukili wake akautia mzigoni. Alikuwa amesuka urefu wa mkono mmoja tu.

Kismayo tulipata vyumba viwili karibu na bandari. Majirani wa Kisomali walikuja kutupa pole, watu wema, na chai yao ya maziwa. Niliwaambia mke wangu mgonjwa, anahitaji utulivu. Wakarudi mara ya pili, nikawaambia vilevile. Ndani ya nyumba nilipiga marufuku jina la mtoto. Sikutangaza. Mke wangu alipolitaja, nilisimama nikatoka, mpaka akaacha. Nikiwa kazini alisuka. Ukili ukawa mrefu, ukaviringishwa kama kamba, ukajaa pembeni mwa kitanda. Hapakuwa na mwenzake wa kushona naye.

Mwaka ulipotimia aliniomba ruhusa akawaone watu wake Idi. Hakurudi. Mwezi wa pili tangu aondoke, nikamfuata Chovai.

Nilisikia kicheko kabla sijafika uani kwao, na kicheko kilikuwa chake. Wanawake saba walikuwa wamekaa chini, mkeka mpana katikati. Walikuwa wameanza matanga upya, yamechelewa mwaka mzima, na hakuna aliyeona ajabu.

"Kuku, mwanao aliwagombeza Kisomali," mmoja alikuwa anasema. "Sisi alitugombeza Kibajuni."

"Alisema kuku hawajui Kibajuni, wametoka bara!" mke wangu akajibu, akicheka, machozi yanamtiririka, na mikono haikuacha kusuka.

Bibi jirani akaniona. "Baba mtu huyo. Mpeni ukili."

"Mwanamume asuke ukili?" mwingine akamdakia. "Utapinda kama mguu wa kaa!"

"Basi aushike tu, apate pa kuweka mikono. Kaa, mwanangu. Mchu halii peke yake, mtu hulia na wenzake."

Walinisogezea nafasi. Naiona mpaka leo, upana wa mtu mmoja, kati ya mke wangu na bibi yule. Nilitaka kukaa. Nikasema mashua inanisubiri.

Mke wangu alinisindikiza mpaka ufukweni.

"Twende nyumbani," nikamwambia.

"Nyumbani ni hapa. Mwaka mzima hukunitajia jina lake. Hawa wamelitaja tangu asubuhi. Rudi ukae nasi, sikulaumu."

"Nitakuja nikipata likizo."

Likizo nilipata, miaka mitatu mfululizo. Kila mara nilikwenda siku mbili, nikalala kwa rafiki, nikazungumza habari za bandari, nikaondoka. Mke wangu alinawiri, akaimba arusini, akafundisha wasichana kusuka. Alipona bila mimi.

Kisha vita vikaja, na bunduki zikafika mpaka visiwani. Watu wa Chovai walipanda mashua wakaelekea Kenya. Mimi nilikimbia kwa njia ya bara, na nilipowapata Mombasa, miaka kadhaa baadaye, mke wangu alikuwa amekwisha kufa kwa homa. Walimwosha wale wale waliosuka naye. Waliniambia hakufa peke yake, na kwamba alinitaja bila hasira.

Mtoto alichukuliwa na Mungu, na uzembe wangu nimeutubia. Lakini mke wangu nilimpoteza kwa uamuzi wa siku ile ya tatu, na kwa kila siku niliyoushikilia baada yake. Tungeweza kuzeeka pamoja. Sasa wale wanawake nao wamekufa, na hakuna mtu duniani ninayeweza kumtajia jina la binti yangu, naye akamkumbuka.