Mdhamini Wangu wa Kwanza

Ahimidiwe Mungu aliyenifikisha umri huu na kuniachia kumbukumbu, hata za yale ambayo ningependa kuyasahau.

Nilipogombea udiwani kupitia chama kidogo, ahadi yangu ilikuwa moja: daraja la mto wetu. Jirani yangu wa ng'ambo, mama mjane, alifiwa na mke wa mwanawe aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa mto ukiwa umefurika. Fomu ya kugombea ilitaka wadhamini, nikaanza kwake. Kabla hajaweka dole gumba tulipiga magoti kando ya vichanja vya kahawa. Nikaomba, "Bwana, nikimwacha mama huyu, uniulize mimi." Sisi wazee wa kanisa tumezoea kuomba kabla ya kila jambo. Sikuyapima maneno yangu.

Siku chache kabla ya kura, viongozi wa chama walituita Tunduma. Wakasema chama kimeamua kuwaunga mkono wagombea wa chama kikubwa, sisi tujitoe.

"Na daraja?" nikauliza.

"Mzee, mwombe huyo utakayemnadi."

Nikamwomba mgombea wao wa kata yetu. Akajibu, "Tutaliangalia." Kwa neno hilo moja nikapanda jukwaani kijijini kwetu kumnadi. Akanishika mkono.

"Inua juu, mzee! Mkono haulipiwi ushuru!"

Watu wakacheka. Yule mama alikuwa mbele kabisa. Hakucheka.

Asubuhi yake nikavuka mto kwenda kwake. Hakunipa kigoda.

"Baba, naomba unirudishie dole langu."

"Mama, fomu iko kwa wasimamizi wa uchaguzi. Haitoki."

"Na ile sala? Nayo iko kwa wasimamizi?"

Nilisimama pale na kofia mkononi mpaka akaingia ndani.

Niliyemnadi alishinda. Daraja halijajengwa. Mwana wa yule mama ameoa tena, mkewe ni mjamzito, na mawingu yameanza kukusanyika upande wa Ileje. Nimekwenda kwa diwani mara nne. Ile sala sijathubutu kumwomba Mungu aifute. Namshukuru kwamba miguu bado inanibeba. Kesho nakwenda mara ya tano.

Nawe unayesoma, Mungu akulinde na ahadi inayozidi nguvu zako, na kila mto ulio mbele yako akuvushe salama, wewe na walio wako.