Fundi Pindo na Baiskeli Iliyoachiwa Nafasi ya Mshono

Kila neno lililomo humu ni kweli tupu. Mwandishi wa simulizi hii amestaafu, hana bosi wa kumfurahisha, na ameahidi mbele ya mashahidi wenye akili zao kwamba akikamatwa na uongo, hata wa ukubwa wa punje ya mchele, atamnunulia mhusika tairi jipya la baiskeli.

Saa mbili asubuhi. Fundi Pindo ameinamia cherehani, mdomoni kabana pini mbili, mkononi ana kaptura ya sare ya shule. Miguu yake iko kwenye kanyagio, inakwenda juu na chini bila kupumzika. Ng'ambo ya barabara, kinyozi anafungua duka.

Kisha kinyozi anafanya jambo ambalo Fundi Pindo ameapa kutolitazama tena. Anaitoa baiskeli yake nje, anaipangusa kwa taulo safi, anairudisha ndani na kuitundika ukutani, juu ya kioo, mahali ambapo watu wengine hutundika picha ya harusi.

Fundi Pindo anatazama. Mshono unakwenda kombo.

"Taulo lile ndilo analonifutia mimi shingo," anasema huku akifumua. "Na shingo yangu haijawahi kupanguswa kwa upole ule."

Baiskeli yenyewe ni ya mbio. Rangi yake bluu, tairi nyembamba kama mkanda wa suruali, usukani umepinda kama pembe za kondoo. Ni nyepesi kiasi kwamba feni ya kinyozi ikiwashwa kwa namba tatu inaanza kuyumba, na kuna mchana mmoja iligeuka yenyewe ukutani ikatazama mlango.

Fundi Pindo ameshona kwenye kibanda hiki kwa karibu miaka ishirini. Jina alilipata kwa sababu ya mapindo yake ya suruali, ambayo wateja wanasema hudumu kuliko suruali zenyewe. Siku nzuri anamaliza suruali nne. Siku mbaya ni zipu mbili na kifungo cha mtu anayesema atalipa kesho. Baiskeli kama ya kinyozi, ikiwa mpya, ni sawa na sare za shule sitini, na hapo uzi haujanunuliwa.

"Mimi nakanyaga kutwa," anasema. "Kama cherehani ingekuwa na magurudumu, ningekuwa nimeshavuka mipaka. Yeye anasimama tu na mashine yake ya kunyolea, jioni anapanda kitu kile na watu wanampigia makofi."

Kinyozi analijua donda hilo, na hakosi kulitia chumvi. Akipungukiwa na wateja hutoka mlangoni na kuita, "Jirani, miguu inazunguka tangu asubuhi. Umeshafika wapi?"

Lakini makofi na maneno angeyavumilia. Kinachomnyima raha ni Jumapili.

Mke wa Fundi Pindo ndiye anayesimamia bomba kwenye tangi la maji, juu ya kilima kilicho nyuma ya mtaa. Kila Jumapili kinyozi hupanda kilima kile kwa baiskeli, akafika, akanywa maji, akashuka. Na kila Jumapili mke akirudi nyumbani huwa na habari.

"Kinyozi amepita leo. Hata jasho hana."

"Kinyozi amepungua tumbo, umemwona?"

"Sijamwona," hujibu mumewe, ambaye kwa kweli amemwona kutwa siku sita mfululizo.

"Sikuwa na shida na mke wangu," anaeleza Fundi Pindo kwa sauti ya chini, akiangalia kama mlango umefungwa. "Namwamini. Ila nilitaka na mimi siku moja nifike pale juu nimekaa kwenye kiti, sio natweta kwa miguu na ndoo mkononi. Anione nafika."

Akaanza kuweka akiba kwenye mkebe wa vifungo. Ulipojaa, ulitosha baiskeli ya mtumba, tena kwa kubembeleza. Hakuwa na nafasi ya kukosea, kwa hiyo akaamua kununua ile ile ya kinyozi, sentimita kwa sentimita. Sio inayofanana nayo. Ile ile.

Ila angejuaje vipimo vyake bila kuuliza? Kuuliza ni kukubali kwamba unatamani.

Ndipo akavuka barabara, mtu ambaye hajawahi kushona hata leso bure, akasema, "Jirani, vumbi litaiharibu hii mali. Nitakushonea kava, zawadi."

Kinyozi alimtazama kupitia kioo. "Unaumwa, fundi?"

"Nakupenda tu, jirani."

Akapanda kwenye stuli na tepu yake shingoni. Akapima bomba la juu la fremu, akapima bomba la kiti, akapima kutoka usukani hadi tandiko. Kava lilitoka safi, na kinyozi akalisifu kwa wateja wiki nzima. Fundi Pindo akarudi kibandani na namba zote kichwani.

Wanaouza baiskeli za mitumba mtaani ni wengi, lakini anayeaminika ni mmoja, mama mtu mzima anayeitwa Bibi Spoku, mwenye banda la mabati lililojaa magurudumu hadi darini. Alimtolea Fundi Pindo baiskeli tatu za bei yake.

Ya kwanza ilikuwa kama mpya, inang'aa, ina gia nyingi na stika za umeme ubavuni, na nzito kama mlango wa benki. Ya pili nyekundu, ndefu, ya mbio kweli. Ya tatu ilikuwa ya kijani, imebabuka rangi, fupi, na vijiti vya gia viko kwenye bomba la chini kama baiskeli za zamani.

"Hii ya kijani ni kuukuu lakini chuma chake ni chepesi na haijapinda popote," alisema Bibi Spoku. "Panda ujaribu, baba."

Fundi Pindo hakupanda. Alitoa tepu, akapima ile nyekundu, na uso ukamchanua. Namba zilikubali zote.

"Panda kwanza, baba."

"Namba zinakubali, mama."

"Mimi nauza baiskeli, siuzi namba."

Lakini alikuwa ameshaitoa ile pesa. Akaikokota hadi barabarani, karibu na kibanda chake, mahali ambapo kinyozi lazima amwone, akarusha mguu.

Mguu mmoja ulipita. Wa pili ukabaki hewani. Bomba la juu likamkaa mahali ambapo mwanamume hapendi kukaliwa na bomba, na vidole vya miguu vikawa vinatafuta pedali kama mtu anayetafuta ndara gizani. Akaangukia upande wa mfereji, taratibu, kama mti.

Kinyozi alitoka na wembe mkononi, mteja wake nyuma amenyolewa upande mmoja. "Jirani," aliita. "Umenunua ngazi?"

Kosa lenyewe lingeweza kufanywa na mshonaji tu. Anayeshona kava hakati sawasawa na kitu. Huongeza kidogo pande zote, nafasi ya mshono, mkono umezoea na akili haiulizwi. Fundi Pindo hakubeba kichwani vipimo vya baiskeli. Alibeba vipimo vya kava. Na hata vingekuwa vya baiskeli, kinyozi anamzidi urefu kwa kichwa kizima.

Asubuhi iliyofuata alirudi kwa Bibi Spoku akiikokota ile nyekundu, amepitia njia ya nyuma. Mama hakucheka. Alinyoosha mkono tu.

"Nipe hiyo tepu."

Akamsimamisha kwenye ukuta wa mabati, miguu peku, akampima mguu kwa ndani mpaka chini, kisha mgongo, kisha mkono.

"Wewe unapima watu kila siku," alisema. "Wewe umepimwa na nani?"

Fundi Pindo alifikiri. "Na marehemu mama. Sare ya darasa la kwanza."

Bibi Spoku aliipokea ile nyekundu kwa bei pungufu kidogo, akamtolea ya kijani, ya bei nafuu zaidi. Alimwonyesha namna ya kuzungusha gurudumu na kuangalia kama linayumba, namna ya kuvuta mnyororo kuona kama umelegea. Pesa iliyorudi ilitosha breki mpya na waya zake. Tairi la mbele lilikuwa limelika hadi linaonyesha nyuzi, lakini mkebe wa vifungo ulishabaki na vifungo tupu.

Alipopanda, miguu ilifika. Mgongo ulilala vizuri. Aliizunguka mitaa miwili na kurudi, na bado hakuwa na raha.

"Watu wanadhani nilitaka baiskeli nzuri," anasema. "Nilitaka yake. Hii inanikaa vizuri, naikubali, lakini kila nikiona ile bluu pale ukutani nasikia kama nimeibiwa."

Jumapili ilipofika walipanda kilima wote wawili. Katikati ya mwinuko, pale penye kona ya pili, Fundi Pindo alimpita kinyozi kwa kasi kubwa hata kofia ya kinyozi ikaruka, ikapaa juu ya foleni ya wachota maji na kutua ndani ya ndoo.

Simulizi hii ilisomwa kwa sauti na mwandishi kibandani kabla ya kupelekwa gazetini, na ilipofika hapo mke wa Fundi Pindo, aliyekuwa anapanga vifungo kwenye mkebe, akainua kichwa.

"Kofia gani?"

Mwandishi aligeuza ukurasa.

"Mzee mwandishi, nakuuliza. Kofia gani? Yule anaishi kwa vichwa vya watu, atafunikaje chake? Hajavaa kofia tangu nimjue. Na huyu hakumpita mtu."

Fundi Pindo alirudi kwenye cherehani, ghafla akiwa na kazi nyingi.

"Kinyozi alifika kwanza," aliendelea mkewe. "Alishakunywa maji, alishakaa kwenye jiwe. Huyu alikuja baadaye, mwekundu kama pilipili, anayumba barabara nzima. Lakini hakushuka. Alifika amekaa kwenye kiti. Akaweka kichwa chini ya bomba langu nikamfungulia."

"Basi yatosha," alisema mumewe.

"Sijamaliza. Wakati kichwa chako kiko chini ya bomba, kinyozi alikwenda kwenye ile ya kijani. Akainyanyua kwa mkono mmoja, akaiweka chini. Akainyanyua yake. Akarudi akainyanyua tena ya kijani. Kisha akaja kuniuliza, kwa upole kabisa, duka la Bibi Spoku liko upande gani."

Cherehani ilisimama.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Uliniuliza tu kama nimekuona unafika."

"Ukasema ndiyo."

"Kuanzia kona ya kwanza nilikuwa nakuangalia wewe. Yeye hata sijui alipitaje."

Fundi Pindo alitazama ng'ambo ya barabara, ambako kava limefunika baiskeli ya bluu na kinyozi amesimama mlangoni, mikono nyuma, akitazama ile ya kijani iliyoegeshwa kando ya kibanda. Walipoonana, kinyozi ndiye aliyeangalia pembeni.

Sasa Fundi Pindo ana mpango. Mwezi ujao, sare za muhula mpya zikiisha, anataka kupita tangi bila kusimama, ashuke upande wa pili na kurudi, ila kwa tairi lile la mbele mkewe hamruhusu kushuka popote.

Mashahidi wenye akili zao walikuwepo, na ahadi ni ahadi. Mwandishi alisimama, akapapasa mifuko yake yote, hata ile ambayo haijawahi kuwa na kitu, kisha akauliza njia ya kwenda kwa Bibi Spoku na ukubwa wa tairi.

Fundi Pindo alivua tepu shingoni akampa.

"Kapime la zamani, mzee," alisema. "Ila usiongeze kitu."